Kiti Kinachotazama Ukuta

Watu wa Kyela wakiniona napita na lile begi langu refu huniuliza kama nimebeba nyavu. Nikiwaambia ni panga za mchezo, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwanamke mzima, mjane, mwenye wajukuu, anafundisha watu kuchomana! Zamani nilikuwa nabishana nao, maana mimi nina mdomo na hasira zangu haziko mbali. Siku hizi nawaambia tu: njooni ghalani Jumamosi mjionee wenyewe.

Panga zenyewe hazikati kitu. Ni vyuma vyembamba vyenye kitufe butu nchani, na anayecheza huvaa koti zito jeupe na kofia ya wavu inayofunika uso mzima. Kazi yako ni kumgusa mwenzako kifuani kwa ile ncha kabla hajakugusa wewe. Basi. Nilijifunza ng'ambo ya mto Songwe, nilipokuwa matroni wa shule moja ya bweni Malawi. Mwalimu mgeni aliyekuja na mchezo huo alikosa mtu wa kusimama upande wa pili, akanikuta nakagua mashuka, akanikabidhi upanga. Nilimfokea. Kesho yake nikarudi mwenyewe.

Alipohama aliniachia vifaa vyote, nami nilipostaafu nikavuka navyo Kasumulu kurudi nyumbani. Afisa wa forodha aliyefungua begi alitoa upanga mmoja, akaupinda, akauliza, "Mama, hii ni ya mishikaki?" Nikamwonyesha mchezo palepale, mbele ya foleni nzima. Nyuma yangu alisimama mwanamke mmoja na marobota yake ya vitenge, mfanyabiashara anayevuka mpaka ule kama wengine wanavyovuka barabara, nusu ya ukoo wake uko kule na nusu uko huku. Akasema, "Mimi na hijabu yangu hii, naruhusiwa?" Nikamwambia kofia ya wavu inakaa juu ya hijabu bila taabu. Huyo ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza.

Ghala tunalofanyia mazoezi ni la mzee mmoja mkulima wa mpunga na kakao, mzee wa kanisa, mtu wa maneno ya kuhesabika. Miezi ya mvua linakuwa tupu, likisubiri mavuno. Nilipokwenda kumwomba atuazime, alinitazama weee, halafu akauliza kama mchezo wenyewe una matusi. Nikasema hauna. Akanipa ufunguo. Basi kila msimu tunafagia pumba, tunachora kwa chaki njia nyembamba ya kuchezea, na mvua ikianza kupiga mabati nafundisha kwa kupaza sauti kama mtu anayeita mtumbwi uliokwisha kuondoka.

Niseme ukweli: sipendi kufundisha wanaojua. Anayejua anataka nimsifu, na mimi kusifu ni kazi inayonichosha. Lakini mtu anayeanza! Anakuja na mwili wake wote, na adabu zake zote alizofunzwa na bibi yake, hajui aviweke wapi. Wanafunzi wangu wakigusa mtu tu wanasema, "Pole!" Na aliyeguswa anajibu, "Nimeshapoa," wote wawili wanasimama kupeana pole huku upanga umening'inia. Nilipiga kelele msimu mzima kuwakataza. Mwisho nikachoka, nikaona bora niwahesabie mguso baada ya pole.

Tena kuna suala la mkono. Kwetu huwezi kumnyooshea mkubwa mkono mmoja mtupu. Mkono wa kulia ukienda mbele, wa kushoto unaushika chini ya kiwiko, ndiyo heshima. Sasa mwambie mwanafunzi anyooshe upanga kifuani kwangu. Mkono wa kulia huo, unakuja, na wa kushoto nao huo, umekuja kuushika kiwiko! Wananichoma kwa heshima kama wananikabidhi sahani ya wali. Nilikuwa nacheka ndani ya kofia mpaka wavu unapata ukungu.

Katika hao wote wa kuanza, hakuna aliyenitoa jasho kama mkamwana wa mzee mwenye ghala.

Ni binti wa Ikombe, kule ziwani wanakofinyanga vyungu, na yeye mwenyewe mfinyanzi. Kijana wa mzee alimwona Lyulilo siku ya soko, amekaa katikati ya vyungu vyake, na habari ikaishia kwa wazee. Alipoolewa alikuta nyumba inayoshika desturi yetu ya zamani, kwamba mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Nyumba nyingi zimelegeza siku hizi, lakini si ile. Mzee akikaribia uani hukohoa, na mkamwana huingia ndani. Wakikutana njiani, mkamwana anatoka pembeni, anaingia migombani na kugeuka mpaka mzee apite. Hakuna ugomvi hapo, naomba nieleweke. Ni heshima, na mzee naye anaibeba kwa upande wake: Jumamosi hakanyagi ghalani kwake mwenyewe, kwa kuwa anajua mkwe yupo.

Mumewe ndiye aliyemleta, kwa baiskeli, akisema mkewe ameona kwenye tundu la mlango akatamani. Nikampa upanga. Jamani, kurudi nyuma alikuwa anarudi kama maji! Miguu myepesi, mgongo umenyooka, humpati. Lakini kwenda mbele, hapana. Tena baya zaidi, mtu aliyemzidi umri kidogo akimjia kwenye ile njia ya chaki, yeye anatoka pembeni, anainamisha kichwa, anamwachia njia apite! Kwenye mchezo wetu ukitoka kwenye njia umekosea. Nilimwambia mara nyingi kiasi kwamba mfanyabiashara wa Kasumulu akawa ananisaidia kusema: "Dada, hapa si migombani! Rudi unipige!"

Nilimkaripia. Nilimbembeleza. Siku nyingine nilitupa kofia chini, nikatoka nje kunyeshewa, maana niliona nitasema neno nitakalojutia. Niliporudi nimelowa chapachapa, nilimkuta amekaa kwenye gunia anaushika upanga kwa ncha za vidole, anausogezasogeza taratibu, kidole gumba kikiwa juu. Nikamuuliza, "Unafanya nini?" Akasema, "Nauzoea, mwalimu. Hivi ndivyo tunavyolainisha mdomo wa chungu." Mwe! Mimi nilikuwa nimemfundisha aukamate kama mchi. Tangu siku hiyo nikaacha kumwambia kamata, nikawa namwambia lainisha, na mkono wake ukafunguka. Wa kushoto nao ukaacha kukimbilia kiwiko. Kilichobaki ni miguu.

Karibu na mwisho wa msimu nilitangaza siku ya maonyesho. Mavuno yalikuwa yanakaribia, ghala lingejaa magunia, nami nilitaka familia zione wapendwa wao wanafanya nini humo ndani. Siku hiyo mkamwana alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akapiga magoti kuniaga kama kawaida yake, ila hakuinuka.

"Mwalimu, nimemwita mama yangu kutoka Ikombe. Aje anione."

"Vizuri sana," nikasema.

"Mama kila akija kwangu ananikuta nimejificha. Nyuma ya jiko, ndani, migombani. Hasemi kitu, lakini akifika nyumbani analia, dada yangu ameniambia. Anaona binti yake amekuwa mtu wa kukimbia. Sitaki kushinda. Nataka mara moja tu anione nikienda mbele."

Nikamwinua. Mimi si mtu wa machozi, lakini nilijifanya natafuta chaki mfukoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Haikupita wiki akarudi, uso umeshuka. Hatacheza. Nikauliza kwa nini. Akaniambia wageni watakuja, viongozi wa kijiji watakuja, na ghala ni la baba. Mwenye nyumba hawezi kukosa kuwapokea wageni wake. Baba akiwepo, yeye hawezi kuwepo. "Hiyo kofia inaficha uso," nikamwambia. Akatikisa kichwa. Kabla ya kucheza lazima uvue kofia umsalimu mpinzani na watazamaji uso wazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba asiyesalimu hachezi. Na hata bila hivyo, alisema, kujificha ndani ya kofia si bado ni kujificha?

Hapo nilipandwa na mori. Nikaenda kwa mzee moja kwa moja, na tope langu miguuni. Nilimkuta anageuza kakao kwenye kichanja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Za ghalani?"

"Si nzuri. Baba, siku ile nakuomba usije."

Akaendelea kugeuza kakao. "Ghala langu, wageni wangu. Watu watasema mzee amekimbia nini?"

"Basi mruhusu mkweo awepo, na wewe uwepo. Dunia haitaanguka."

"Marehemu mke wangu," akasema, "aliishi na baba yangu uani miaka yote ile, hawakutazamana. Baba alipokuwa anakata roho, mke wangu alikuwa nyuma ya ukuta, anamwimbia. Leo mimi nije niiondoe desturi kwa sababu ya mchezo?"

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote yamepangwa, yakanitoka. Nikasema tu kwamba yule binti anamtaka mama yake amwone akienda mbele mara moja, na kwamba mama huyo anatoka Ikombe kwa mtumbwi. Mzee akaokota punje moja mbovu, akaitupa. "Nimesikia," akasema. Nimesikia! Hilo ni jibu? Niliondoka bila hata kuaga vizuri, nikanung'unika njia nzima mpaka nyumbani.

Siku yenyewe ilifika na mvua yake. Watu walijaa ghalani, mabenchi ya kanisani yameazimwa, watoto wamekaa juu ya magunia matupu. Mama wa Ikombe aliketi mbele, mwembamba, kanga imelowa pindo, chungu kipya kimefungwa kwenye kitambaa mapajani pake. Alikuwa anatafuta kwa macho. Binti yake alikuwa nyuma ya turubai nililoning'iniza pembeni, amevaa koti tayari, ingawa aliniambia atatoka kwa mlango wa nyuma baba akiingia. Alivaa tu, alisema, ili mama akija nyuma kumsalimu amwone nalo.

Nilianza na wengine. Kila nilipoita jozi nilitazama mlango, nikimwomba Mungu mzee apate hata homa ndogo tu. Nisamehewe.

Halafu nje, chini ya mvua, nikasikia kikohozi.

Turubai likatikisika. Nikajua binti ameshika mlango wa nyuma. Watu wakasimama, maana mzee aliingia akiwa amejitwisha kiti chake mwenyewe kichwani, kile cha mbao chenye mikono, maji yanamtiririka. Hakuelekea mbele nilikomtengea nafasi. Alipita kando ya ukuta, macho chini, mpaka mwisho wa ghala. Akaweka kiti. Akakigeuza. Akaketi akitazama ukuta, mgongo kwetu sote.

Watu waliosimama wakakaa, mmoja mmoja.

"Mwalimu," akasema kwa sauti, bila kugeuka. "Endeleeni. Desturi yetu imekataza macho. Masikio haikuyataja. Ila useme kwa nguvu, mvua hii kali."

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua mfanyabiashara wa Kasumulu ndiye aliyenigusa bega, tayari na kofia yake mkononi, akaninong'oneza, "Mwalimu, mwite mwenzangu basi." Nikaita. Turubai likafunguka, binti akatoka. Akamwona baba mkwe kwa mgongo, na koti lake kuukuu lililolowa, akasita. Kisha akasimama mwanzo wa njia ya chaki, uso wazi, akamsalimu mpinzani wake, akawasalimu watazamaji, akamsalimu mama yake. Wa mwisho akausalimu ule mgongo. Akavaa kofia.

Nami nikatangaza. Sijawahi kutangaza mchezo maishani mwangu, ila nilimsikiliza marehemu mume wangu na redio yake ya mpira miaka mingi. "Wa Kasumulu anakuja! Anakuja kwa kasi! Mkweo anarudi, anarudi, amekinga! Wa Kasumulu tena! Ooh, amepata, kifuani!" Na binti mwenye kuguswa akapewa pole yake, akajibu ameshapoa, nikatangaza na hiyo pole pia. Watu wakacheka. Mzee hakucheka, lakini nikaona kiganja chake kimeubana mkono wa kiti.

Mfanyabiashara yule hana huruma, na ndivyo ninavyompenda. Alimgusa tena, akamgusa tena. Binti alikuwa anarudi nyuma vizuri kama siku zote, na kila alivyorudi alikuwa anasogea kwenye ule mwisho wa ghala wenye kiti. Nikaanza kuona balaa. Njia ya chaki ilikuwa inaisha, nyuma yake ni mzee, na hatua chache zaidi angekuwa karibu naye kuliko alivyowahi kuwa tangu aolewe. Nikatangaza, koo linaniuma: "Mkweo amefika mwisho wa njia! Hana pa kurudi!"

Mzee hakugeuka. Alisema na ukuta, si kwa sauti kubwa, lakini mimi nilimsikia, na binti alimsikia.

"Njia ni yake. Mimi ndiye niliyetoka pembeni."

Nilitazama miguu. Mwalimu wa mchezo huu hutazama miguu kwanza. Ule wa mbele ukanyanyuka vidole kwanza, kama nilivyomfundisha tangu siku ya kwanza akashindwa, ukaenda. Mkono ukatangulia, laini, kidole gumba juu. Mwili ukafuata wote. Upanga ukapinda kifuani kwa mfanyabiashara wa Kasumulu ukawa upinde, naye kwa mshangao akasahau kurudi.

"Amekwenda!" nikapiga kelele. "Amekwenda mbele! Amepata! Mkweo amepata!" Sikuwa mtangazaji tena, nilikuwa nalia kama mtoto.

"Pole!" binti akasema ndani ya kofia.

"Nimeshapoa, shoga yangu!" mfanyabiashara akajibu, akamkumbatia panga na vyote.

Mama wa Ikombe alisimama. Alipiga kigelegele kimoja kirefu kilichoshinda mvua, halafu kikakatika, akafunika mdomo kwa kanga na kukaa chini. Na kule mwisho, mzee akainua mikono yake miwili akapiga makofi taratibu, akiutazama ukuta. "Ndaga," akauambia ule ukuta. "Ndaga fijo." Asante, asante sana.

Binti alishindwa mchezo ule, tena vibaya. Sidhani kama kuna anayekumbuka. Mama yake alipoondoka aliacha kile chungu pale ghalani, kando ya kiti kilichobaki kitupu, kwa kuwa mzee alikuwa ametoka kwanza, akikohoa, ili mkwe apate kuvua kofia kwa raha.

Watu huniuliza nafaidi nini. Hakuna anayenilipa, goti linaniuma, sauti imekwisha. Nawajibu kwamba bingwa yeyote anaweza kugusa mtu mara mia na isiwe kitu. Lakini ile ya kwanza, ya mtu uliyemwona hajui mkono wake ni wa nini, hiyo hairudiwi, na aliyekuwepo ni wewe. Mimi naishi kwa hizo.

Mpunga ulipovunwa nilikwenda na mkamwana kuondoa vifaa vyetu, maana kila mwaka ghala hujazwa mpaka mlangoni na sisi tunabaki bila mahali. Nilifungua nikijiandaa kukasirika. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka dari, kushoto na kulia, na katikati wapagazi walikuwa wameacha uchochoro mrefu ulionyooka. Nikainama. Chaki yetu ilikuwa chini palepale, haijafutwa. Mwisho wa uchochoro kilikuwepo kiti cha mbao, kimegeuzwa kutazama ukuta, na chungu cha Ikombe kando yake kimejazwa maji ya kunywa.

Mkamwana alikitazama kile kiti muda mrefu. Kisha akalivaa koti.

"Mwalimu," akaniuliza, "tunaanza na nini?"

Nje, upande wa migombani, mtu alikohoa, akasubiri. Kwa mara ya kwanza sikumwona mkamwana akitafuta mlango wa nyuma. Alishusha tu kofia yake usoni, taratibu, akasimama kwenye njia.

"Mbele," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje.